Chuma Chini ya Migomba

Katika kisiwa cha Krete, Bahari ya Mediterania, kuna magofu ya jumba la Knossos. Mwingereza Arthur Evans alianza kulifukua mwaka 1900, na baadhi ya kuta na nguzo zake nyekundu ambazo watalii hupiga nazo picha leo alizisimamisha yeye kwa saruji. Kisiwa cha Kupro, katika bahari hiyo hiyo, nacho kina vilima vyeusi vya mavi ya shaba, mabaki ya wachimbaji na wafuaji wa kale, na hao nao wana makumbusho yao na vitabu vyao. Mtu aliyezoea mambo ya kale ya namna hiyo akifika Bukoba, mkoani Kagera, Tanzania, akauliza, "Magofu yenu yako wapi?" huenda akaelekezwa kwenye majengo ya Wajerumani karibu na ziwa Nyanza (Viktoria), akaambiwa kwamba mji ulianza mwaka 1890 Emin Pasha alipoweka kituo hapa. Atapiga picha, atakula samaki, ataondoka akiamini kwamba historia ya Kagera ina umri wa miaka mia na ushee.

Wakati huo huo, bodaboda iliyomleta kutoka uwanja wa ndege ingeweza kumpeleka Maruku, upande wa kusini, kwa muda usiofika saa moja. Huko, katika kijiji cha Katuruka, watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita.

Tatizo ni kwamba hakuna cha kupiga picha kwa mbali. Wahaya, wenyeji wa Buhaya, nchi hii ya magharibi mwa ziwa, hawakujenga kwa mawe. Hata ikulu ya omukama, yaani mfalme, ilikuwa msonge wa miti, matete na nyasi, mkubwa na wa fahari, wenye ua ndani ya ua, lakini uliooza na kujengwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Mvua za Bukoba hufikia kama milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wenye asidi hula mifupa. Kinachobaki ni vitu ambavyo mvua haivitaki: vigae vya vyungu, makaa, vipande vya mirija ya udongo, na yale mabonge meusi mazito ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma. Mkulima akilima kibanja chake huyatupa pembeni pamoja na mawe. Watoto huyarusha kwenye maembe.

Kimebaki kitu kingine pia, nacho ni majina ya mahali. Bila hayo majina, nadhani mpaka leo tusingejua pa kuchimba.

Mwaka 1969 alifika Buhaya mwanafunzi wa Kimarekani, Peter Schmidt, wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Kwa desturi ya wanaakiolojia wa wakati ule, angepaswa kutembea mashambani akiokota vigae, kisha achague mahali kwa macho yake. Yeye alianza kwa kukaa na wazee. Aliwasikiliza kwa miezi mingi, akirekodi habari za wafalme, koo, mizimu na mipaka, kabla ya kugusa sururu. Wazee hao walimrudisha mara kwa mara Katuruka, kwa omukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17. Walimwonyesha alipokuwa na ikulu yake, ilipokuwa nyumba ya kumbukumbu yake baada ya kufa, na mti mkubwa sana ulioitwa Kaiija, jina linalohusu kiwanda cha mhunzi.

Habari ya mti huo ndiyo iliyomkamata. Inasimuliwa kwamba Rugomora Mahe alitaka kujua mbingu zikoje, akaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika huko. Mnara ukapanda, ukapanda, kisha ukaanguka, na chuma chake kikatawanyika nchi za mbali. Msomaji wa Biblia atakumbuka Babeli papo hapo, na wamisionari wengi walipoisikia bila shaka waliona ni Babeli iliyosafiri. Schmidt alikubali kuwa hadithi ni hadithi, lakini akajiuliza kwa nini iwekwe mahali hapa na si kwingine. Akachimba pale wazee walipoonyesha. Chini ya ardhi ya Kaiija alikuta mabaki ya kazi ya chuma, na karibu na nyumba ya Rugomora Mahe akakuta matofali ya tanuri na vyungu vya zamani mno, vya kale kuliko omukama mwenyewe kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hapa lazima tutulie, maana ndipo watu wengi hupotoka. Wapo wanaopenda kusema kwamba wazee wa Katuruka walikumbuka tukio la miaka elfu mbili, neno kwa neno, kizazi kwa kizazi. Mimi siamini hivyo, na ushahidi haulazimishi. Rugomora Mahe alikuwa wa Abahinda, ukoo wa watawala waliokuja baadaye na kujiweka juu ya koo zilizokuwapo. Mtawala mgeni anapotaka kukubalika huenda kukaa mahali ambapo wenyeji tayari wanapaheshimu. Kama koo za wahunzi zilikuwa na mahali pao pa heshima, basi omukama aliyejenga ikulu juu yake aliteka kumbukumbu yao pamoja na ardhi, na hadithi ya mnara ikamfanya yeye ndiye bwana wa chuma. Kumbukumbu haikuhifadhi tarehe. Ilihifadhi mahali, na kwa mwanaakiolojia mwenye sururu mahali ndipo penye thamani.

Tarehe zenyewe zilitolewa na maabara, kwa kupima kaboni iliyomo kwenye makaa, nazo zilizua ubishi ambao haujaisha. Baadhi ya vipimo vya Katuruka vilirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Wapinzani walisema, na wana hoja, kwamba makaa yaliyotokana na kiini cha mti mkongwe huonyesha umri wa mti, hayaonyeshi siku ya moto. Tena kwa karne zile hasa kipimo cha kaboni hakina makali ya kutosha. Tukiweka pembeni vipimo vinavyobishaniwa, bado yapo matanuri na vyungu vya karne za kwanza baada ya Kristo, na hayo hayana mgogoro mkubwa. Wakati Warumi wanaitawala Krete na Kupro, ng'ambo hii ya Nyanza kulikuwa na wahunzi wenye ujuzi uliokwisha kukomaa.

Vyungu vyao tunavifahamu. Vina michoro ya mistari iliyokatwa kwa ustadi shingoni, na vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikandamiza kidole gumba udongo ukiwa mbichi. Wataalamu huviita vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya, vilikoelezwa kwa mara ya kwanza kwa upana mwaka 1948 na Mary Leakey, Louis Leakey na arkidiakono Owen. Baadaye vilionekana Uganda, Rwanda, Burundi na Kivu, karibu mzunguko mzima wa magharibi mwa ziwa. Kigae cha Katuruka na kigae cha Rwanda vikiwekwa mezani pamoja, unaona mkono wa jamaa mmoja. Mipaka inayotutaka tuonyeshe pasi pale Mutukula na Rusumo ni ya juzi tu.

Twende Kemondo. Watanzania wengi walilisikia jina hilo mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza baada ya kupitia hapo kuchukua abiria, na kwa familia nyingi za Kagera jina hilo bado halitamkwi kwa wepesi. Juu ya ghuba ya Kemondo, miaka ya sabini, Schmidt na wenzake walifukua matanuri mengi ya Enzi ya Chuma, mengine yakiwa bado na shimo la chini likiwa zima. Ndani yake walikuta vipande vya mirija ya udongo ambayo ilikuwa ikipitisha hewa ya mivukuto, na vipande hivyo vilikuwa na alama isiyotarajiwa: moto ulikuwa umeviunguza kwa nje, sehemu ndefu. Maana yake mirija ilisukumwa ndani kabisa ya tanuri, badala ya kuishia ukutani kama ilivyozoeleka kwingine. Kwa nini mtu afanye hivyo?

Vitabu havikuwa na jibu, ila wazee walikuwepo. Uyeyushaji wa chuma Buhaya ulikufa mwanzoni mwa karne ya 20, majembe ya madukani yalipokuwa rahisi kuliko ya mhunzi, lakini mwaka 1976 walikuwepo bado wanaume waliowahi kuufanya ujanani. Waliombwa waufanye tena. Haikuwa maonyesho ya ngoma. Walitafuta mawe ya chuma, wakachoma makaa ya miti wanayoijua, wakafinyanga mirija, wakachukua udongo wa kichuguu kwa sababu hauyeyuki haraka. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi, wakajenga juu yake tanuri lenye umbo la pia iliyogeuzwa, la kimo kisichofika mita moja na nusu, kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Mirija minane ikaingizwa, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi, na vijana wakaivuta kwa zamu huku nyimbo zikiwaongoza mikono. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Miaka mingi ilikuwa imepita. Waliendelea kurekebisha hadi bonge la chuma likapatikana.

Schmidt na mtaalamu wa metali, Donald Avery, walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science mwezi Septemba 1978. Walidai kwamba hewa ikipita kwenye mirija iliyomo ndani ya moto hupata joto kabla ya kufika kwenye makaa, hivyo tanuri hupanda joto kuliko matanuri ya Ulaya ya zama zile. Na kwamba chuma kilichozungukwa na mabaki ya matete kilifyonza kaboni kikawa chuma cha pua. Magazeti ya Marekani yakaichukua habari hiyo kwa shangwe. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera. Dunia ilipokuwa inasoma kuhusu wahunzi wa Kihaya, Bukoba ilikuwa inasikiliza mizinga.

Kuhusu ile hoja ya hewa kupashwa joto, wataalamu wa metali walibishana sana, na wengine walionyesha kwa hesabu kwamba faida yake ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Naona wakosoaji walikuwa na haki ya kudai vipimo vikali zaidi. Lakini nawashangaa wanaodhani kwamba hoja hiyo ikianguka basi kazi ya wahunzi nayo imeanguka. Hakuna aliyekanusha bonge la chuma. Hakuna aliyekanusha ujuzi wa kuchagua udongo wa kichuguu, wala akili ya kujaza shimo matete ili mavi yanayoyeyuka yapate pa kutiririkia na chuma kipate kaboni. Kumpa mhunzi wa Kemondo taji la kuwashinda Wazungu au kumnyima ni kumpima kwa mashindano ambayo hakushiriki.

Kuna upande mwingine wa kazi hiyo ambao hausimuliwi kwenye sherehe. Tanuri hula msitu. Makaa yaliyofukuliwa yalichunguzwa kwa darubini ili kujua ni ya miti gani, na picha iliyojitokeza ni ya msitu mnene wa mvua unaokatwa kidogo kidogo, hadi wahunzi wa baadaye wanatumia miti ya mabwawani na ya nyika. Kwa maelezo ya Schmidt, baada ya karne ya 6 au ya 7 ukanda huu wa ziwa ulipoteza watu wake wengi, udongo ukiwa umechoka, na haukujaa tena kwa karne kadhaa. Ukisafiri leo kutoka Kemondo kwenda Kamachumu, kisha ukateremka Muleba na kuelekea Rubya, utaona vijiji vya migomba na kahawa vimezungukwa na mbuga tupu ya nyasi ambayo Wahaya huiita rweya, kama visiwa vya kijani. Mgeni hudhani Mungu aliumba hivyo. Kila kibanja kilichonona kimetengenezwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya, maganda ya ndizi, mwaka baada ya mwaka. Ukiuliza mambo ya kale ya Muleba, hicho kibanja ni mojawapo, tena bado kinatumika.

Na visiwa halisi vipo. Mbele ya Bukoba kuna Musira, ambako wenyeji husimulia kwamba zamani wahalifu walipelekwa kuishi mbali na watu, na ambako mapango yake yalikuwa ya maziko. Kusini zaidi, ndani ya wilaya ya Muleba, kuna Bumbire. Mwaka 1875, mwezi wa nne, Henry Morton Stanley alitia nanga hapo akitafuta chakula, akapokewa kwa hasira, wenyeji wakachukua makasia yake, akatoroka kwa kufyatua risasi. Mwezi wa nane alirudi na mitumbwi na bunduki, akakaa majini mahali ambapo mishale haikufika, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni. Aliandika mwenyewe bila haya, na hata Uingereza walikuwepo waliolaani. Katika maandishi yake Bumbire inaonekana kuwa na uhusiano na mtawala wa Ihangiro, ile himaya iliyochukua sehemu kubwa ya Muleba ya leo. Nashauri anayekwenda Bumbire asisome Stanley peke yake. Aanze na wavuvi na wazee wa kisiwani, awaulize majina ya ufukwe, ya miamba, ya mahali ambapo watoto hukatazwa kucheza. Katuruka ilipatikana hivyo.

Lakini aharakishe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwachukua watu wa makamo, wale hasa waliopaswa kusimama katikati ya wazee wanaojua na watoto wanaouliza. Bibi alibaki na wajukuu, akizika na kulea. Jioni za kusimuliana habari za wakama zikapungua. Schmidt aliporudi baadaye alikuta karibu wote waliomfundisha wameshafariki. Kilichonivutia ni kwamba wanakijiji wenyewe, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ndio walioamua kufufua Katuruka. Waliunda kamati, wakawatafuta wazee waliosalia wanaume kwa wanawake, wakarekodi, wakarudisha alama za maeneo ya ikulu na kumbukumbu ya Rugomora Mahe, wakaanza kupokea wageni. Wanawake wazee waligeuka kuwa hazina ambayo watafiti wa mwanzo hawakuitumia vya kutosha, maana utafiti wa miaka ya sitini na sabini uliegemea sana wanaume.

Kwa hiyo usiende Katuruka ukitarajia Knossos. Utaingia shambani, utaongozwa na mtu wa kijijini, na sehemu kubwa ya utakachokiona utakiona kwa sababu amekueleza. Lipa kiingilio bila kubishana, kwa kuwa hicho ndicho kinachofanya shamba hilo lisigeuzwe viwanja. Uliza maswali magumu. Waongozaji wanapenda kuulizwa. Usiondoke na kipande cha mavi ya chuma mfukoni hata kama kimelala njiani na hakuna anayetazama. Kipande kilichong'olewa mahali pake hakina cha kumwambia mwanaakiolojia.

Na wewe mwenye kibanja Maruku, Kanyigo, Kamachumu au Nshamba, ambaye jembe lako limewahi kugonga bonge jeusi zito lenye vitundu, au kigae chenye mistari shingoni na kibonyeo kitakoni: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvichimba bila kibali. Usichimbe zaidi. Weka alama mahali hapo, muulize mzee wa jirani panaitwaje na kwa nini, andika jibu lake kwenye daftari pamoja na jina lake na tarehe, kisha mpelekee taarifa ofisa utamaduni wa wilaya.